Banda la Mbuzi Laingia Baharini

Wa kwanza kusimama juu ya milingoti ya mkonge ikielea majini hakuwa Praxeda. Alikuwa mbuzi, tena mbuzi jike mwenye pembe moja, na jambo hilo lilimuuma Praxeda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu.

Ilikuwa masika, na mvua ya Kigombe, kijiji cha pwani ya Tanga, ikiamua kunyesha haimwombi mtu ruhusa. Maji yaliingia uani kwa Mzee Kristofa, baba yake Praxeda, yakalizunguka banda la mbuzi, yakalisukasuka, na ukuta mmoja mzima ukang'oka ukalala juu ya maji. Ukuta wenyewe ulikuwa wa milingoti, zile nguzo ndefu zinazochomoza katikati ya mkonge uliozeeka, zikatoa maua kule juu, kisha mkonge wenyewe ukafa. Mlingoti ukikauka unakuwa mwepesi, hata mtoto wa chekechea anaubeba begani, na watu wa mashamba ya mkonge wamejengea mabanda tangu zamani. Basi ukuta ukaelea. Mbuzi yule akapanda juu yake, akatanua miguu, akainamisha shingo kidogo, akasafiri kutoka bandani mpaka karibu na choo bila kuyumba. Praxeda alikuwa mlangoni na ndoo mkononi. Alimtazama mbuzi, na mbuzi akamtazama yeye, kwa dharau, au ndivyo Praxeda alivyosimulia baadaye.

Kisa cha uchungu wote huo ni kwamba Praxeda alikuwa amemaliza misimu miwili ya upepo wa kusi akijaribu kufanya hilohilo baharini, na alikuwa hajasimama hata mara moja.

Yeye na rafiki yake Farhana, aliyesoma naye chuo cha ualimu, waliachiwa ubao wa kupandia mawimbi na Mholanzi mmoja aliyekuja kujitolea. Mholanzi yule alikuwa mrefu, akiingia nyumbani kwa mtu lazima ainame mara mbili, na ubao wake ulitengenezwa kwa kiwiliwili hicho. Waliuita Godoro. Farhana naye ni mrefu na mwembamba, na ndani ya vazi lake la kuogelea linalomfunika kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, alisimama juu ya Godoro baada ya wiki chache tu, akawa anapita mbele ya watu ametulia kama anasubiri kuhudumiwa benki. Praxeda, ambaye Mungu alimpunguzia urefu akamfidia kwenye nyonga, alikuwa akikamata ncha ya mbele, ncha ya nyuma inamkimbia. Akihamia nyuma, Godoro linainua pua na kumtupa. Alikunywa maji ya chumvi mpaka akawa anayajua kwa ladha, ya asubuhi na ya jioni.

Halafu Godoro likavunjika. Farhana alilipitisha juu ya mwamba maji yakiwa yamepwa, likakatika vipande viwili, akarudi ufukweni na kipande kila kwapa, analia. Wiki hiyohiyo ajira za walimu zikatangazwa. Farhana alipangiwa shule ya Chumbageni, mjini Tanga, anakwenda kwa miguu kutoka kwao. Praxeda alipangiwa Kongwa, bara, mkoani Dodoma.

Kongwa ni mahali pazuri na watu wake wakarimu, lakini hata ukichimba kisima kirefu namna gani hupati wimbi. Alitakiwa kuripoti Jumanne ya mwisho ya mwezi wa saba. Praxeda akaapa kwamba hataondoka pwani aliyozaliwa kabla ya kusimama juu ya wimbi, hata mara moja tu, hata kwa muda wa kupiga chafya. Hakutaka kuwa mwalimu anayewasimulia watoto wa Dodoma habari za bahari iliyomshinda.

"Tuagize ubao mwingine," alisema Farhana. Baba yake, Fidahussein, ana duka la vifaa vya ujenzi na ndugu kila bandari. "Baba ana mtu Dubai. Utakuja ndani ya kontena la mabomba."

"Utafika lini?"

"Mwezi wa kumi, Mungu akipenda."

"Mwezi wa kumi nitakuwa nafundisha desimali," alisema Praxeda. "Na ukifika utakuwa wa Mholanzi mwingine tu."

Ndipo mvua ikanyesha, na mbuzi akapita.

Jioni ile, maji yalipokauka uani, Praxeda alimpelekea baba yake chai barazani, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzungumzia afya, mvua, padri mpya. Mzee Kristofa alimwacha azunguke mpaka akachoka mwenyewe.

"Sema unachotaka, mama."

"Baba, naomba banda la mbuzi."

"Unataka mbuzi?"

"Simtaki mbuzi. Nataka banda."

Mzee Kristofa Komba alikuwa mtu mpole, mtu wa misa ya kwanza, mjukuu wa Mngoni aliyeletwa kutoka Songea kukata mkonge. Yeye mwenyewe aliukata tangu ujana mpaka alipostaafu akajenga kibanda chake pembezoni mwa Kigombe, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuupenda. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya miiba. Alipopita njia ya shambani alitazama upande wa pili. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, habari za kuelea, za wimbi, za kusimama, kisha akaweka kikombe chini.

"Mkonge ulimlisha babu yangu, ukamlisha baba, ukanilisha mimi na wewe," alisema. "Nauheshimu. Ila haujawahi kunichekesha hata siku moja. Leo wewe unataka uupeleke baharini ukaucheze?"

"Ndiyo, baba."

"Na mbuzi walale wapi?"

"Hapa barazani."

Mzee aligeuza uso kutazama uani. Mbuzi mwenye pembe moja alilia kule uani. Praxeda alikwishaanza kukusanya vikombe aliposikia baba yake akinyanyuka.

"Milingoti mibichi ya shambani haitakufaa, bado ina maji ndani," alisema, tayari anatafuta nyundo. "Hii ya banda ndiyo imekauka. Lakini usichukue ya upande wa mashariki, ina mchwa."

Usiku ule mbuzi walilala barazani, na mmoja wao alikula kofia ya mzee.

Kigombe kuna fundi anaitwa Mwinyijuma, muunda mashua, anafanyia kazi chini ya paa la makuti hatua chache kutoka maji yanapofika. Farhana alileta milingoti kwa kirikuu ya dukani kwao, ile gari ndogo ya mizigo iliyoandikwa ubavuni FIDAHUSSEIN NA WANAWE ingawa Fidahussein ana binti mmoja tu. Walimwamkia fundi shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama ile mizigo kama mtu aliyeletewa mboga asiyoijua.

"Kuni hizi?"

"Chombo, fundi," alisema Praxeda. "Tunataka kukiunda wenyewe, kwa mikono yetu. Tunaomba kivuli chako na vifaa, na utuelekeze tukikosea."

"Chombo gani kisicho na mbavu? Kina tanga?"

"Hakina."

"Mashine?"

"Hakina. Kasia pia hakina. Mikono tu."

"Kinabeba nini?"

"Kinanibeba mimi."

"Kikupeleke wapi?"

"Hapahapa ufukweni. Natoka kule kwenye mlango wa mwamba, panapoingilia mawimbi, wimbi linanirudisha."

Fundi Mwinyijuma alifikiri, akajikuna kidevu. "Wallahi hiki chombo kizuri," alisema. "Mwenyewe hapotei."

Praxeda alikuja na vipimo alivyovitoa kwenye simu, urefu na upana na unene. Fundi hakutaka hata kuvitazama. Maishani mwake hakuwahi kuunda chombo kwa karatasi, na chombo cha mtu mmoja, alisema, hupimwa kwa mwili wa huyo atakayekipanda. Ukipima kwa mkono wa mwingine, unamuundia huyo mwingine. Praxeda alimkumbuka Mholanzi, akaiweka simu mfukoni.

Kwa hiyo alinyoosha mkono, fundi akaupima kwa kamba kuanzia bega hadi ncha ya kidole, akasema urefu utakuwa mikono miwili ya Praxeda na shibiri moja ya Praxeda. Unene, vidole vyake vinne vilivyobanwa. Kwa upana alimwambia alale kifudifudi kwenye mchanga, na Farhana akamzunguka na kijiti akichora.

Praxeda aliinuka akautazama ule mchoro. "Umeongeza nyonga."

"Sijaongeza kitu," alisema Farhana. "Nimefuata mipaka iliyopo."

Walicheka mpaka fundi akawafukuza kwenye kivuli chake, halafu akawaita tena kwa sababu kazi ilikuwa haijaanza.

Ikaanza. Waliichana milingoti kwa msumeno kutoka juu hadi chini, wakaipanga bapa kwa bapa, wakaiunganisha kwa gundi ya maboti na kuikaza kwa mipira ya baiskeli mpaka ikashikana kuwa ubao mmoja mnene, mbaya, wenye sura ya mlango wa jela. Praxeda akapewa tezo ya kuchongea, baadaye randa ya kulainishia. Hapo ndipo wazimu ulipomwingia. Mkonge uliokauka ni mlaini chini ya randa, unatoka kwa vipande vyepesi vyeupe vinavyopeperuka na upepo, na kila akisukuma mkono anaona umbo linatokeza, linamwita. Alirudi nyumbani na maranda kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kitabu cha nyimbo kanisani. Aliamka kabla ya jogoo akiwa anatabasamu bila sababu. Njiani kwenda kwa fundi alijikuta anakimbia, mwanamke mzima, mwalimu wa serikali.

Siyo kwamba alikuwa hodari. Upande wa kulia ulitoka mnene kuliko wa kushoto, akaupunguza. Wa kushoto ukawa mnene, akaupunguza huo. Alipougeukia wa kulia tena, Farhana alimnyang'anya randa akaiketia.

"Ukiendelea hivi tutabaki na kijiti cha meno," alisema.

Mzee Kristofa alikuwa anapita kila siku kwa kisingizio cha kutafuta majani ya mbuzi. Alisimama mbali, mikono nyuma. Siku moja alisogea, akagonga ubao kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali, akasikiliza, akaondoka. Praxeda alimwona akigeuka mara mbili kutazama nyuma.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari ubao ulikamilika. Ulikuwa mfupi, mpana kiunoni, umechongoka puani, na pezi dogo la mti mgumu chini nyuma. Praxeda aliulalia palepale kwenye maranda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilala juu ya kitu ambacho hakikumzidi wala kumpungukia popote. Alikaa hivyo muda mrefu, shavu kwenye mkonge, akisikia moyo wake mwenyewe ukidunda ndani ya ule ubao. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mwisho ya mawimbi. Jumapili ni kufunga mizigo, na basi la Dodoma lingeondoka Jumatatu alfajiri.

Waliuacha chini ya makuti ulale.

Sasa nataka ieleweke kwamba Fundi Mwinyijuma alifanya alichofanya kwa mapenzi matupu. Kwa waunda vyombo wa pwani hii, chombo hakiingii baharini bila deheni, yaani chokaa iliyopondwa na mafuta ya mnyama, inayopakwa tumbo la chombo ili wadudu wa majini wasikile na kiteleze vizuri. Kumwacha binti wa watu aingie na chombo kikavu ingekuwa aibu yake yeye. Basi Ijumaa jioni, wasichana walipoondoka, alichemsha mafuta, akapaka tumbo. Kisha akasimama akafikiri. Mashua ina tumbo na ina ndani, lakini hiki hakina ndani. Wimbi likija kinazama chote, kinageuka, juu kinakuwa chini. Kwa hesabu hiyo kila upande ni tumbo. Akageuza ubao akapaka na juu, akarudia, na akausugua wote kwa makumbi ya nazi mpaka ukang'aa.

Jumamosi asubuhi nusu ya Kigombe ilikuwa ufukweni. Walikuwepo mama wauza mihogo, wavuvi waliorudi mapema, wanakwaya wawili, na Mzee Kristofa amevaa koti lake la misa ya Pasaka. Fidahussein mwenyewe alikuwa amekuja kutoka mjini, amekaa ndani ya kirikuu na kiyoyozi kisichofanya kazi. Fundi Mwinyijuma aliutoa ubao kwenye kivuli ukiwa mweupe pe, unametameta.

"Zawadi yangu, mwanangu," alisema. "Nimekipaka chote. Sikubakisha hata tundu la sindano."

Praxeda aliugusa juu. Kidole chake kilikwenda safari ndefu bila kukusudia. Alimtazama Farhana, Farhana akatazama bahari.

Ubao wa mawimbi, juu, mahali pa miguu, hausuguliwi kitu kinachoteleza. Unasuguliwa nta ili mguu ushike. Praxeda alikuwa nayo nta ya nyuki, bonge zuri kutoka milima ya Amani. Alipoisugua juu ya deheni ilimponyoka, ikaruka, ikatua mchangani. Akaiokota, akajaribu tena, ikaruka tena. Fundi alikuwa anamtazama kwa uso wenye furaha kubwa, na Praxeda hakuwa na moyo wa kumwambia.

"Ahsante, fundi," alisema. "Umependeza."

Akaingia majini. Aliuweka ubao juu ya maji, akajirusha kulala, akapita juu yake moja kwa moja, akatumbukia upande wa pili. Watu walidhani ndivyo inavyochezwa, wakapiga makofi. Alirudi, akaukumbatia kwa mikono na miguu, ubao ukachomoka chini yake kama kokwa ya embe, ukaruka hewani, ukamgonga mvuvi mmoja tumboni. Mara ya tatu aliomba Farhana aushike. Farhana akaushika, na wote wawili wakateleza, kila mmoja kwa upande wake, na ubao ukabaki katikati umetulia, peke yake. Ufuo mzima ulikuwa umeketi chini kwa kucheka. Mama mmoja muuza mihogo alilia machozi akaacha mihogo iungue. Hata Farhana alikuwa ameshika mbavu ndani ya maji, hawezi kusaidia wala kusaidiwa. Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Kristofa alisimama pale na koti lake, kama alivyosimama maisha yake yote mbele ya mkonge.

Praxeda alitoka majini akauburuza ubao mpaka mchangani, akakaa kando yake. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, na yakipwa pale mlangoni mwa mwamba hakuna wimbi, na kesho haipo. Alijiona tayari yuko Kongwa, mbele ya ubao mweusi, chaki mkononi, hajawahi kusimama.

Kisha alitazama ile sehemu ya kulia, pale alipopunguza kupita kiasi. Akatazama fundo lililoisumbua tezo siku nzima. Godoro alikuwa akiliogopa. Likikwaruzika alihisi kama ameharibu sebule ya watu, na lilipovunjika hakukuwa na la kufanya ila kulia. Huu hakuuogopa. Huu alikuwa ameukata, ameukosea, ameurekebisha, ameukosea tena, hakuna mahali ndani yake ambapo mikono yake haijafika. Kilichoharibika humu anaweza kukitengeneza, kwa sababu yeye ndiye aliyekitengeneza.

Akainuka.

"Farhana, ndani ya gari kuna gunia la katani?"

"Lipo, la misumari."

"Lete gunia. Na misumari midogo, ile ya viatu."

Fidahussein alishuka mwenyewe kutoka ndani ya kirikuu, akamwaga misumari ya inchi nne kwenye kiti cha dereva, akaleta gunia tupu na pakiti. Praxeda alilichana gunia kwa meno, akalitandaza juu ya ubao, juu ya deheni iliyokuwa bado laini. Katani ni mkonge uleule, ila umepitia kiwandani. Alibonyeza kwa viganja ili mafuta yapenye kwenye nyuzi na nyuzi zishike. Halikukaa vizuri. Lilikuwa linavimba katikati.

"Linataka uzito," alisema fundi, ambaye sasa alikuwa ameelewa kila kitu na ameinamisha uso kwa haya. "Likanyagwe."

Praxeda alikuwa amelowa chapachapa, Farhana hali kadhalika. Mzee Kristofa alivua koti. Akalikunja vizuri, akampa mama wa mihogo. Akavua viatu na soksi, akapanda juu ya gunia kwa miguu yake mikavu, akaanza kukanyaga. Kwanza alikanyaga polepole, kama mtu anayejaribu daraja. Kisha mguu ulipata mwendo. Ulikuwa mwendo wa lizombe, ngoma ya kwao Songea, ambayo Praxeda hakuwahi kumwona akiicheza, alimsikia tu akiitaja kwamba babu yake aliicheza kwenye kambi ya wakata mkonge siku za Jumapili. Mguu ulipiga, ukarudi, ukapiga. Wanakwaya wakaingia na makofi, wavuvi wakashika ndoo wakazifanya ngoma, na fundi alikuwa anatambaa pembeni kwa magoti akipigilia misumari kati ya nyayo za mzee, akikwepa vidole. Mzee Kristofa alitazama mbele, uso mkavu kabisa, na miguu chini inafanya sherehe.

"Basi, baba," alisema Praxeda. "Limeshika."

"Bado kidogo," alisema mzee, akaendelea.

Gunia lilikwaruza tumbo la Praxeda alipolala juu yake, na hakuwahi kufurahia mkwaruzo namna ile. Alipiga mikono kuelekea mlango wa mwamba. Maji yalikuwa yanapungua. Wimbi la kwanza lilimpita. La pili alilikamata, akainuka goti moja, akaanguka. La tatu lilimwangusha kabla hajafanya chochote. Ufukweni watu walikuwa wameacha kucheka. Alisikia sauti ya Farhana ikisema kitu ambacho upepo ulikula katikati.

Lililofuata halikuwa kubwa, lilimfika kiunoni tu, na lilikuja bila haraka. Alihisi nyuma ya ubao ikinyanyuka. Akapiga mikono, mara, mara, na ubao ukaanza kwenda wenyewe. Akaweka viganja pale kifua kilipokuwa, kwa sababu alijua ni pale, alipachonga mwenyewe. Akaleta miguu. Gunia likamshika nyayo. Akatanua miguu, akainamisha shingo kidogo, na wazo pekee lililompitia kichwani lilikuwa la mbuzi.

Alikuwa amesimama.

Bahari ilikuwa inakimbia chini yake na yeye ametulia. Alimwona Farhana akipita, mdomo wazi, kilemba cha kuogelea kimepinda. Akaona makuti ya fundi, kirikuu, moshi wa mihogo, vyote vinamjia mbio vikiwa vimekaa palepale. Alianza kucheka, na kicheko kilikuwa kikubwa kuliko yeye, akaogopa kitamwangusha, hakikumwangusha. Wimbi lilimbeba likamshusha kwenye maji ya kifundoni, pezi likakwama mchangani, na Praxeda akabaki amesimama vilevile, miguu imetanuka, hataki kushuka. Fundi Mwinyijuma alimshukuru Mungu kwa sauti. Fidahussein alipiga honi mpaka betri ikachoka.

Halafu akasikia sauti asiyoijua. Ilikuwa nzito, inakwaruza, inakatika na kuanza tena, kama mashine ambayo haijawashwa siku nyingi. Aligeuka. Baba yake alikuwa ndani ya maji mpaka magotini na suruali yake ya misa, amejishika tumbo, machozi yanamtoka, anacheka. Alijaribu kusema neno "mkonge," akashindwa, akacheka upya, ikabidi amshike binti yake bega ili asianguke.

"Chukua wewe, baba," alisema Praxeda alipoweza kusema. Alikuwa analia na yeye sasa, na hakujali nani anamwona. "Kongwa hautanifaa. Ukae nao. Jaribu."

Mzee Kristofa hakungoja kuambiwa mara mbili. Alilala juu ya ubao palepale kwenye maji mafupi, watu wakasogea kutazama. Kidevu kilipita pua ya ubao. Miguu, kuanzia magotini, ilining'inia nyuma ikigusa mchanga. Kiunoni alibaki na nafasi ya kumweka mtu mwingine. Alikaa hivyo akitikiswa na viwimbi, akifikiri, kisha akainuka akajipangusa.

"Huu ni wako," alisema. "Utaungoja mpaka likizo."

Akaubeba ubao kichwani mwenyewe, akatembea nao mpaka chini ya makuti, akaulaza kwenye maranda. Halafu akasimama mbele ya Fundi Mwinyijuma, maji yakimchuruzika kwenye suruali, akanyoosha mkono wake mrefu wenye makovu kutoka bega mpaka ncha ya kidole.

"Nipime," alisema.

Fundi aliitafuta kamba. "Na milingoti utaitoa wapi, mzee? Banda lenyewe limebaki kuta mbili."

"Kuta mbili zinatosha."

"Na mbuzi, baba?" aliuliza Praxeda. "Barazani wameshamaliza kofia zote."

Mzee Kristofa hakushusha mkono. "Jumatatu chumba chako kitakuwa wazi," alisema, na kicheko kikaanza kumpanda tena. "Watalala humo."